Dereva wa Treni na Mbio za Kilomita Tisini

Jumamosi saa kumi na moja alfajiri Kariakoo bado haijaamka sawasawa. Wasukuma mikokoteni wamejilaza juu ya mikokoteni yao, mama mmoja anapuliza moto wa chapati, na sisi wa kikundi cha jogingi tunanyoosha misuli kando ya Mtaa wa Msimbazi huku tukiombana radhi kwa miayo. Mzee tunayemwita Komredi huwa ametangulia. Ni fundi seremala, umri wake umepita sitini, ana miguu myembamba kama ya korongo na kaptula ya mtumba ambayo rangi yake ya asili hakuna aikumbukaye. Vijana wapya hudhani jina lake ni la siasa, na mwenzetu mmoja mwenye asili ya Unguja aliwahi kumuuliza kama alikuwa mmoja wa makomredi wa chama cha Umma. Hakuwa. Jina alilipata baada ya kwenda Afrika Kusini kukimbia Comrades, mbio za karibu kilomita tisini kati ya Durban na Pietermaritzburg, akarudi na medali ndogo ambayo inaenea kwenye pochi ya chenji.

Nilipomweleza kwamba nami, baada ya marathoni mbili za Moshi, nataka kukimbia umbali ambao sijawahi kuukimbia, nilitarajia anipe ratiba ya mazoezi. Akaniuliza swali.

"Mwanangu, hapa tuliposimama panaitwaje?"

"Kariakoo, mzee."

"Basi mbio zako zilianzia hapa. Nenda kasome."

Nilikwenda kusoma. Niliyoyakuta yanaanzia mbali kuliko Kariakoo.

Kiswahili kina maneno mawili ambayo watangazaji wa redio huyachanganya kila siku: riadha na ridhaa. Riadha ni michezo yenyewe, kukimbia na kuruka na kurusha. Ridhaa ni kuridhia, na mchezaji wa ridhaa ni yule anayecheza bila malipo, kwa kuwa ameamua mwenyewe. Nayapenda maneno haya yakikaa pamoja, kwa sababu historia yote ya mbio ndefu ni ugomvi kati yake: nani aruhusiwe riadha, na ridhaa yake ipimwe na nani.

Wagiriki ndio hutajwa kwanza, na hutajwa vibaya. Herodotus, aliyeandika karibu zaidi na matukio, hasemi kwamba kuna mtu aliyekimbia kutoka Marathon hadi Athene, akatangaza ushindi na kuanguka akafa. Anachosimulia ni kwamba mwaka 490 kabla ya Kristo tarishi aitwaye Pheidippides alitumwa kutoka Athene kwenda Sparta kuomba msaada, akafika siku ya pili yake. Huo ni mwendo wa kilomita kama 240, na hakufa. Kifo kiliongezwa na waandishi waliokuja mamia ya miaka baadaye, na kifo hicho ndicho kilichokumbukwa. Mwaka 1896, Olimpiki ilipofufuliwa Athene, msomi Mfaransa Michel Bréal alishauri ziwekwe mbio za kuikumbuka safari ya Marathon. Wanaume 17 walianza, umbali ukiwa kama kilomita 40, na mshindi akawa Spyridon Louis, mchota maji wa kijiji cha Marousi. Kile kilichotokea kweli, yaani mtu kwenda mara sita ya hapo na kufika akiwa mzima, kilibaki bila mashindano kwa miaka mingine karibu tisini.

Si kwamba watu walikuwa hawajaenda mbali kuliko hapo. Mwaka 1809 Mskoti Kapteni Barclay alitembea maili moja kila saa kwa saa 1,000 mfululizo, usiku na mchana, kwa dau la gini 1,000. Miaka ya 1870 na 1880 mbio za siku sita zilijaza kumbi za London na New York. Watu walizunguka ndani ya jengo, juu ya udongo na vumbi la mbao, huku moshi wa sigara ukining'inia juu yao, wakilala vijisaa na kuamka kuendelea. Frank Hart, mtu mweusi mzaliwa wa Haiti, alishinda pale Madison Square Garden mwaka 1880 kwa maili 565, ambazo ni zaidi ya kilomita 900. Mwaka 1888 Mwingereza George Littlewood alivuka maili 623, na rekodi yake ilidumu hadi 1984.

Ila hao walikuwa wakilipwa, na waungwana wa Uingereza walikuwa na maoni kuhusu kulipwa. Chama chao cha riadha cha mwaka 1866 kiliandika kwamba mtu wa ridhaa hawezi kuwa fundi, msanii wa kazi za mikono wala kibarua. Soma tena. Hawakusema tu asiwe amelipwa kwa kukimbia. Walisema asiwe anaishi kwa jasho la mikono yake kabisa. Kipengele hicho kilifutwa mwaka 1880 chama kipya kilipoundwa, lakini harufu yake ilibaki nguoni kwa muda mrefu. Komredi, fundi seremala, angezuiwa mlangoni pamoja na randa lake.

Marathoni nayo ilipata urefu wake kwa njia ya ajabu. Mwaka 1908 Olimpiki ilikuwa London. Mbio zikaanzia kwenye kasri la Windsor na kuishia mbele ya kiti cha mfalme uwanjani, na umbali huo ukapimwa kuwa maili 26 na yadi 385. Mwitaliano Dorando Pietri aliingia uwanjani wa kwanza, akapotea njia, akaanguka mara kadhaa, wasimamizi wakamwinua na kumkokota hadi mwisho, kisha akanyang'anywa ushindi kwa sababu ya huo msaada. Mwaka 1921 shirikisho la riadha la dunia likaufanya umbali wa London kuwa rasmi: kilomita 42.195. Kila mtu anayelia kilomita ya arobaini na moja anamdai mfalme wa Uingereza kilomita mbili na ushei.

Mwaka uleule wa 1921, kule Natal, dereva wa treni alikuwa ameshika pauni moja ya mkopo mkononi.

Vic Clapham alizaliwa London akahamia Afrika Kusini. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipopamba moto alijiunga na kikosi cha nane cha askari wa miguu wa Afrika Kusini, nacho kikaletwa huku kwetu, kumwinda Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Wajerumani Afrika Mashariki. Kuwinda ndilo neno. Lettow-Vorbeck hakuwa na tamaa ya kushinda. Alitaka kufukuzwa kwa muda mrefu iwezekanavyo, ili majeshi ya Waingereza yahangaike porini badala ya kupelekwa Ulaya. Mwaka 1916 Jan Smuts aliyasukuma majeshi yake kutoka chini ya Kilimanjaro kuelekea reli ya kati. Mvua ikafuta njia. Mbung'o wakaua farasi na nyumbu. Chakula kikawa nyuma siku zote, na malaria mbele siku zote. Maelfu ya askari wa Afrika Kusini walirudishwa kwao wakiwa mifupa inayotembea. Clapham, inaelezwa, alitembea kilomita kama 2,700 katika vita hiyo.

Wanyama walipokufa, mizigo ilihamia vichwani. Waingereza walikuwa na kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, na baada ya kuiteka Dar es Salaam mwezi Septemba 1916 waliweka kambi yao hapa. Ulimi wa Waswahili ukafanya kazi yake: Carrier Corps ikawa Kariakoo, na kule Nairobi ikawa Kariokor. Wapagazi walichukuliwa kwa nguvu zaidi kuliko kwa hiari. Walibeba risasi, unga na vipande vya mizinga kwenye njia zilezile alizopita Clapham, mara nyingi bila viatu, na posho yao ilikuwa haba kuliko yake. Makumi ya maelfu walikufa, wengi zaidi kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi. Wajerumani nao walikuwa na wapagazi wao, na hali yao haikuwa nafuu. Katika mwendo ule hapakuwa na hata chembe ya ridhaa, na hilo linanitatiza kila ninaposoma jinsi wazo la Comrades linavyosifiwa.

Maana Clapham alirudi nyumbani na hoja. Alisema hivi, kwa maneno yangu: ikiwa makarani na wakulima waliovishwa sare jana waliweza kutembea porini umbali ule, mtu aliyejiandaa anaweza kukimbia kutoka Pietermaritzburg hadi Durban kwa siku moja. Akataka ziwe mbio za kuwakumbuka wenzake waliokufa. Kumbukumbu yake haikuwa ya jiwe. Alitaka watu wapate tabu kidogo, wasikie kwa miguu yao. Akapeleka ombi kwa chama cha askari wastaafu, League of Comrades of the Great War. Wakakataa. Akarudi mwaka uliofuata, wakakataa. Walisema ni ukatili kwa watu wa kawaida. Mwaka 1921 walikubali, wakamkopesha pauni moja ya gharama, wakitaka irudishwe.

Tarehe 24 Mei 1921 watu 34 walisimama mbele ya ukumbi wa mji wa Pietermaritzburg. Barabara ilikuwa ya vumbi sehemu kubwa, na muda wa mwisho ulikuwa saa kumi na mbili. Walifika 16. Wa kwanza alikuwa Bill Rowan, mkulima, kwa saa nane na dakika hamsini na tisa. Leo muda huo unampa mkimbiaji wa kawaida medali yenye jina la Rowan, lakini haumkaribishi kwenye orodha ya washindi.

Mwaka uliofuata njia iligeuzwa, ikawa ya kupanda kutoka baharini, na kwa kawaida ndivyo ilivyo hadi leo: mwaka mmoja kupanda, mwaka mwingine kushuka. Aliyeshinda 1922 ni Arthur Newton, mkulima wa miaka 39 aliyekuwa na kesi na serikali kuhusu shamba lake. Malalamiko yake yalikuwa ya mlowezi asiyependa ardhi ya jirani itengwe kwa Waafrika, na siyaonei huruma. Mantiki yake ndiyo inayochekesha: aliona mkulima hasikilizwi lakini mwanariadha maarufu husikilizwa, basi akaamua awe mwanariadha maarufu. Alianza mazoezi siku ya mwaka mpya kwa maili mbili tu, zikamkakamaza. Miezi mitano baadaye akashinda. Akashinda tena 1923, 1924, 1925 na 1927. Serikali haikumsikiliza.

Siri ya Newton ilikuwa rahisi hadi walimu wa riadha wa wakati ule wakaidharau. Wao walifundisha kukimbia kidogo na kwa kasi, na kujihifadhi kwa ajili ya siku yenyewe. Yeye alikimbia polepole, kila siku, mbali sana, mwili ukizoea kama punda anavyozoea njia ya sokoni. Vitabu vya leo vya mkimbiaji wa Jumamosi bado vinanakili kwake, vingi bila kumtaja.

Ninachokipenda zaidi katika mbio zile za 1922, hata hivyo, kiko nyuma ya Newton kwa saa mbili na zaidi. Bill Payn, mwalimu na mchezaji wa raga aliyekuja kuchezea timu ya taifa, alishawishiwa aingie usiku wa kuamkia mbio. Viatu vya kukimbilia hakuwa navyo, akavaa vya raga. Njiani alisimama kula nyama ya nguruwe na mayai, akaendelea, akala mchuzi wa kuku, akanywa na brandi ya mapichi aliyopewa kando ya barabara. Alimaliza wa nane. Miguu ilikuwa malengelenge matupu, na kesho yake akacheza raga. Ukitaka kujua ridhaa ilikuwa na sura gani kabla ya saa za mkononi zenye setilaiti, ndiyo hiyo: imejaa mchuzi.

Lakini mlango ulikuwa na walinzi. Mwaka 1923 Frances Hayward aliomba kuingia akakataliwa kwa kuwa ni mwanamke. Alikimbia vivyo hivyo, akamaliza kwa saa kumi na moja na dakika thelathini na tano, ndani ya muda. Medali hakupewa, watazamaji na wakimbiaji wenzake wakachangishana wakamnunulia seti ya chai ya fedha. Mwaka 1935 Robert Mtshali, mtu mweusi, alikimbia bila namba na kumaliza kwa saa tisa na nusu. Jina lake halikuingia kwenye matokeo. Ilichukua hadi 1975, mbio zilipofikia mara ya hamsini, wanawake na watu weusi kuruhusiwa rasmi. Mwaka huo Vincent Rakabaele wa Lesotho alimaliza wa 20 akapata medali bila kujificha. Hapo katikati ilipita miaka arobaini. Mimi kila nikifikiria Mtshali naona vituo vya maji: je, walimpa kikombe, au alipita huku wakiangalia pembeni?

Tusiwatupie Waafrika Kusini lawama yote. Olimpiki ya 1928 iliwapa wanawake mita 800, wazee wa riadha wakapiga kelele kwamba wameumia, na mbio hizo zikaondolewa hadi 1960. Kule Boston mwaka 1966 Bobbi Gibb alijificha kichakani karibu na mstari wa kuanzia, kisha akachomoka na kujiunga na wanaume. Mwaka uliofuata Kathrine Switzer alijiandikisha kwa herufi za mwanzo za majina yake, na msimamizi akamvamia barabarani akitaka kumpokonya namba 261. Boston iliwafungulia wanawake 1972. Marathoni ya wanawake katika Olimpiki ilisubiri 1984, miaka tisa baada ya Comrades kuwakubali kwa kilomita tisini. Ubaguzi haukuwa na hesabu nzuri.

Ridhaa nayo iliendelea kulindwa kama mwali. Newton alipokwenda Marekani mwaka 1928 kwenye mbio za kulipwa kutoka Los Angeles hadi New York, ambapo watu 199 walianza, 55 wakafika na Andy Payne wa kabila la Cherokee akaondoka na dola 25,000, yeye Newton aliumia njiani na hadhi yake ya ridhaa ikawa imekwisha. Mwenzake aliyemrithi, Wally Hayward, mshindi wa Comrades mara tano tangu 1930 akiwa na miaka 21, alifungiwa miaka ya 1950 kwa kosa la kupokea michango ya nauli ya safari ya mashindano Uingereza. Michango ya nauli! Kwa sheria hiyo, hakuna harusi ya Dar es Salaam ambayo bwana harusi wake angebaki wa ridhaa.

Hapa lazima nimpishe mtu wa Mbulu. John Stephen Akhwari, jijini Mexico mwaka 1968, alianguka katika msukosuko wa wakimbiaji akaumia goti na bega. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alimaliza kwa saa mbili na dakika ishirini. Akhwari aliingia zaidi ya saa nzima baadaye, bendeji ikiburuta mguuni, giza limeshaingia na uwanja umebaki na watu wachache. Kati ya 75 walioanza yeye alikuwa wa 57, wa mwisho kumaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, jibu lake kwamba nchi yake haikumtuma mbali kote kule kuanza mbio tu lilizunguka dunia. Watanzania tumelirudia hadi limechakaa, lakini ule mkanda wa filamu haujachakaa. Uangalie miguu yake, si uso.

Miaka michache baada ya Mexico watu wa kawaida walifurika barabarani. Marathoni ya New York ya 1970 ilikuwa ya watu 127 wakizunguka Central Park, 55 wakamaliza. Mwaka 1976 ikatolewa bustanini ikapitishwa wilaya zote tano za jiji. London ilianza 1981. Na marathoni ilipokuwa jambo la jirani yako, jirani yako akaanza kuulizia zaidi. Mwaka 1974 Gordy Ainsleigh, aliyezoea mashindano ya farasi ya maili 100 katika milima ya California, aliacha farasi nyumbani akakimbia mwenyewe, akamaliza kwa saa 23 na dakika 42; ndipo zikazaliwa mbio za Western States. Mwaka 1982 maofisa wa jeshi la anga la Uingereza, wakiongozwa na John Foden, walikwenda Ugiriki na kitabu cha Herodotus kuona kama safari ya Pheidippides inawezekana. Watatu walifika Sparta. Mwaka uliofuata Spartathlon ikaanza rasmi, kilomita 246, akashinda Mgiriki Yiannis Kouros, yuleyule aliyekuja kuifuta rekodi ya Littlewood. Tarishi wa kweli hatimaye alipata mbio zake.

Mwaka ambao ningependa kuwepo ni 1989. Afrika Kusini ilikuwa bado chini ya ubaguzi. Miaka minane nyuma Bruce Fordyce, Mzungu aliyekuja kushinda Comrades mara tisa, alikimbia na kitambaa cheusi mkononi kupinga mbio hizo kuunganishwa na sherehe za jamhuri ya makaburu, akazomewa. Sasa, 1989, aliyekata utepe alikuwa Sam Tshabalala, mshindi wa kwanza mweusi, miaka 54 tangu Mtshali apite bila namba. Watu walidhani habari ya siku imekwisha. Saa zikaenda. Muda wa mwisho wakati huo ulikuwa saa kumi na moja, na dakika zilipokuwa zikihesabika akaonekana mzee amepinda upande, watu wakimwangalia wasithubutu kumgusa, maana tangu Dorando Pietri kila mtu anajua mkono wa msaada unagharimu nini. Alikuwa Wally Hayward, miaka 80, yule aliyefungiwa kwa nauli. Aliingia zikiwa zimebaki kama dakika mbili. Tshabalala alikuwa amekwisha oga zamani.

Komredi alikwenda baada ya muda kurudishwa kuwa saa kumi na mbili, jambo lililofanywa kuwa la kudumu mwaka 2003. Anasimulia kuanza kwake kama mtu anayesimulia msiba wa tajiri: giza, saa kumi na moja na nusu alfajiri, wimbo wa taifa, kisha Shosholoza ikiimbwa na maelfu, kisha kanda ya jogoo anayewika, ambaye si jogoo bali sauti ya mkimbiaji wa zamani aliyependa kuigiza jogoo, kisha mzinga. Anasimulia vifuko vya maji unavyovitoboa kwa meno, kama vile vya mia mia tulivyokuwa tukinunua stendi, na viazi vilivyochovywa kwenye chumvi. Anasimulia basi. Basi la Comrades ni kundi la watu wanaomfuata mtu mmoja anayejua kugawa muda. Anaitwa dereva, anaimba, anahesabu, anaamuru watembee na wakimbie, na ukishuka basini hupandi tena. Mbio alizozianzisha dereva wa treni zinaendeshwa na madereva wa basi.

Nusu ya njia, karibu na Drummond, kuna kitundu kwenye ukingo wa barabara ambapo inasemekana Newton alikuwa akipumzika. Wakimbiaji huweka ua hapo na kumsalimia Arthur kwa jina. Komredi hakuwa na ua, akaweka ganda la chungwa.

"Ulimwambia nini, mzee?"

"Nilimwambia shikamoo. Hakuitikia."

Ushauri aliokuwa nao wa kiufundi ulikuwa mchache na wote una sababu. Mwili una akiba ya wanga kwenye misuli na ini, nayo kwa wengi wetu hukaribia kwisha baada ya kilomita thelathini na kitu. Mimi ilinikuta Moshi, kwenye kilima cha kuelekea Mweka, miguu ikageuka magunia ya saruji na ndimi za wachekeshaji wa pembeni zikanikomesha. Kwa kilomita tisini huwezi kutegemea akiba hiyo, hivyo unakwenda polepole kiasi cha mwili kuchoma mafuta, unakula ukiwa bado hujasikia njaa, na unatembea vilimani kabla vilima havijakulazimisha. Maji ni kunywa kwa kiu. Zamani watu walikatazwa kunywa. Baadaye wakashindiliwa maji kila kituo, hadi daktari Tim Noakes wa Cape Town, mkimbiaji wa Comrades mwenyewe, akaonyesha katika miaka ya 1980 kwamba maji yakizidi hupunguza chumvi ya damu na yanaweza kuua. Kuhusu ukucha wangu wa dole gumba, ulioiva zambarau kama tunda, alisema utaanguka, na ukaanguka.

Jambo moja alilisisitiza akinishika bega. Saa kumi na mbili zikitimia, mtu mwenye bastola husimama kwenye mstari wa mwisho akiwapa mgongo wanaokuja. Hataki kuwaona. Anafyatua, mlango unafungwa, na aliyebakiza hatua tano hana tofauti na aliyebakiza kilomita tano. Komredi aliingia na dakika tatu mkononi, akapewa medali ya shaba ya Vic Clapham, wanayopewa wa saa ya mwisho. Aligeuka akakaa chini kuangalia waliofungiwa.

"Yule mwenye bastola nilikuwa namchukia," alisema. "Halafu nikamwona, akishafyatua, machozi yanamtoka."

Jumamosi moja tulikuwa na kilomita thelathini na mbili za kupasua, ndefu kuliko zote nilizowahi kufanya mazoezini. Tuliondoka Msimbazi kwa mwendo wa kuongea, tukapita Mnazi Mmoja, tukashika Mtaa wa Samora. Sanamu ya Askari imesimama hapo tangu 1927, bunduki imeelekezwa bandarini. Maandishi yaliyo chini yake yanawataja wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi; ila aliyechongwa ni askari peke yake, mzigo haumo, kichwa cha kuubeba hakimo.

Komredi alipunguza mwendo. Hakumtazama askari; alitazama chini, kwenye maandishi.

"Shikamooni," alisema.

Tukakata kuelekea baharini. Saa yangu ilisoma kilomita mbili.